Mwali Mwenye Wajukuu

“Mwali gani huyo ana wajukuu?”

Mama mkubwa aliuliza huku ameinamia simu yangu, miwani imemteremka hadi ncha ya pua. Tulikuwa barazani kwake Pangani, tunangoja jua lipungue, nami nilikuwa namwonyesha video ya sherehe iliyofanyika Salvador, jimbo la Bahia, Brazil. Mwanamke mfupi, mnene, amenyolewa kipara. Amepakwa madoa meupe kichwa kizima hadi mabegani, na kwenye paji la uso amefungwa unyoya mmoja mwekundu wa kasuku. Anatembea ameinama, macho amefumba. Mgeni mmoja wa heshima anamshika mkono, anazunguka naye ukumbini na kumuuliza jina. Mara ya kwanza anajibu kwa kunong’ona. Mara ya pili sauti inasikika kidogo. Mara ya tatu anajizungusha, anaruka juu, analitoa jina kwa ukelele, na hapo ngoma zinaripuka na watu kadhaa ukumbini nao wanapandwa. Kijana anayerekodi anasikika akisema kwa Kireno: bibi yangu, huyo ni bibi yangu.

Mama mkubwa ametia wali ndani na kuwatoa tangu kabla sijazaliwa. Kwake mwali ni msichana aliyevunja ungo, basi.

“Sasa huyu anafundwa nini asichokijua?”

Sikuwa na la kumjibu, na swali lake likanifuata jikoni, kwenye daladala, mpaka kitandani. Wiki zikapita nikisoma usiku badala ya kulala.

## Anafundwa kuzaliwa

Katika Kandomble, dini iliyojengwa Brazil na Waafrika waliotiwa utumwani, mtu hatiwi ndani kwa sababu mwili wake umekua. Anaingia kwa sababu orisha fulani, yaani mmoja wa miungu ya Wayoruba, amekidai kichwa chake. Dai lenyewe huja kwa maradhi yasiyosikia dawa, kwa ndoto, kwa kuanguka katikati ya ngoma, au kwa kauri zilizorushwa na mama wa nyumba, yaani kiongozi wa nyumba ya ibada. Haliangalii umri. Binti wa shule anaweza kuitwa, na bibi aliyestaafu vilevile. Wanaume nao huitwa, ingawa Casa Branca, nyumba kongwe kuliko zote mashuhuri za Salvador, kwa desturi yake ya zamani ilitia ndani wanawake tu.

Habari za kupandwa sitazieleza. Sisi wa pwani tumekulia karibu na vilinge, na tunajua mtu anapoitwa kiti maana yake ni nini.

Zamani mwali wa Bahia alifungiwa miezi sita, hata mwaka. Siku hizi nyumba nyingi hufanya wiki tatu hivi, maana anayeingia ni mfanyakazi wa ndani, muuguzi au karani, na mwajiri hatoi likizo ya orisha. Chumbani ananyolewa, anaogeshwa kwa maji ya majani, analala juu ya mkeka. Hajitazami kwenye kioo. Akitaka kitu hasemi, anapiga makofi. Shingoni anafungwa kele, ushanga uliobana, na atatoka nao nje auvae kwa miezi kadhaa, kwa kawaida mitatu. Muda huo wote anavaa nyeupe, anakaa chini, anakula kwa mkono, na hamtazami mkubwa wake usoni.

Kati ya kupandwa na kuzinduka kuna hali ya tatu, nayo waigizaji wangeshindwa kuiiga. Huitwa ere. Mtu anakuwa mtoto: anadai pipi, anasema kwa kitembe, anawatania wakubwa, ananuna. Bibi yule wa kwenye video, kama mambo yalikwenda kwa kawaida, alikaa siku nyingi za chumbani akiwa na akili ya mtoto wa miaka minne.

Mwanamke anayemhudumia huitwa ekedi. Yeye hapandwi kamwe. Anamfuta jasho, anamkaza nguo isimvuke, anamdaka asianguke. Kwenye video anaonekana nyuma kidogo, taulo begani, macho hayamtoki mwenzake. Mama mkubwa hakuhitaji maelezo. “Huyo ndiye somo yake.”

## Picha za 1951

Yapo ya chumbani ambayo siandiki. Nimeyasoma, yamechapishwa, na bado siandiki.

Septemba 1951 jarida la O Cruzeiro, lililokuwa likisomwa nchi nzima ya Brazil, lilitoa picha zilizopigwa na José Medeiros ndani ya chumba cha wali huko Bahia: wanawake wakinyolewa, wakichanjwa, damu ya kuku ikiwatiririka usoni. Kichwa cha habari kiliwaita mabibi harusi wa miungu yenye kiu ya damu. Mama wa nyumba aliyeruhusu kamera kuingia alilaumiwa vikali na wenzake, na wanawake wale wakabaki na nyuso zao kwenye meza za vinyozi na za madaktari, watu wasiowajua wakiwakodolea macho.

Ni picha nzuri, hilo ndilo linaloudhi. Mpigaji alikuwa fundi. Nimezitazama, kisha nikajiuliza ningefanya nini kama zingekuwa picha za mama mkubwa na wali wake.

Nikafunga ukurasa.

## Miaka inaanza upya

Wanaotiwa ndani pamoja huitwa mashua moja, na kila mmoja ana jina la nafasi yake ndani ya mashua hiyo: wa kwanza ni dofono, wa pili dofonitinyo, wa tatu fomo, na kuendelea. Nafasi hiyo haifutiki. Wa kwanza atabaki mkubwa wa wa pili hadi kufa, hata kama wa pili ni mama yake mzazi.

Umri wa mtu katika nyumba unahesabiwa tangu siku aliponyolewa. Hutoa sadaka zake mwaka wa kwanza, wa tatu na wa saba. Akimaliza ya saba anaacha kuwa iyawo, yaani mke mdogo wa orisha, anakuwa egbomi, dada mkubwa, na akijaliwa anaweza kufungua nyumba yake mwenyewe. Matokeo yake ni kwamba msichana wa miaka 20 aliyenyolewa akiwa mdogo anaweza kukaa kitini huku mwanamke wa miaka 60 akijilaza kifudifudi kumsalimia. Kwetu, ambako shikamoo hufuata mvi, hilo linataka kuzoewa.

Je, hii ni Afrika? Ni Afrika iliyopangwa upya. Katika nchi ya Wayoruba kila mji na kila ukoo ulikuwa na wake: Shango wa Oyo, Oshun wa Oshogbo, Yemoja wa Abeokuta. Mtu alirithi orisha wa jamaa yake kama anavyorithi shamba. Bahia hapakuwa na jamaa wala shamba. Walikuwepo watu waliotolewa miji mbalimbali katika vita vilivyoimaliza dola ya Oyo, wakakutana utumwani. Basi maorisha wote wakawekwa chini ya paa moja, na katika mashua moja binti wa Oshun akalala mkeka mmoja na binti wa Ogun. Nyumba ikawa ukoo. Ukoo ukahitaji mkubwa na mdogo, na kwa kuwa vyeti vya kuzaliwa vilibaki ng’ambo, hesabu ikaanzia kwenye wembe.

Hata hilo la mke lina mzizi. Makuhani wa Shango wa Oyo, wanaume wenye ndevu na watoto, walisuka nywele kike na kuitwa wake wa Shango. Bahia iliichukua nahau hiyo ikaitumia kwa kila mtu.

Upande wa Kandomble ya Angola, iliyotoka kwa watu wa falme za Kongo na Ndongo, mwali ni muzenza, mama wa nyumba ni mam’etu, chokaa nyeupe ni pemba, na jina jipya ni dijina. Msomaji wangu atajisomea mwenyewe. Mizizi ya huko ni mirefu pia: tangu karne ya 17 mapadri Wakapuchini waliandika kwa hasira juu ya kimpasi, chama cha Kongo ambacho waliotiwa ndani yake walihesabiwa wamekufa na kufufuka.

## Sokoni

Nilichosoma baada ya hapo ndicho kilichonifanya nianze kuandika makala hii.

Mwali akishatoka na kutaja jina, bado hajamaliza. Kuna siku ya panan, ambayo mtaalamu Mmarekani Melville Herskovits aliiandikia mnamo 1953. Siku hiyo anafundishwa tena kazi za dunia kana kwamba hajapata kuzifanya. Anashikishwa ufagio. Anapiga pasi. Anachota maji, anashona, anakoroga chungu, anaigiza harusi. Watu wanacheka, maana mwali anafanya yote kwa uzito wa mtoto anayejifunza. Baadaye wali wanatandaza matunda na kuyauza. Wageni huwaibia makusudi, na wali, wakiwa katika hali ya ere, huwachapa wezi kwa fimbo ndogo. Ni shangwe tupu.

Kisha mwali mwenyewe anauzwa.

Ananadiwa hadharani. Watu wanataja bei, wanapandishana, na mmoja anamchukua. Kwa kawaida mnunuzi amejulikana mapema, naye ni mume wake, baba yake, au mmoja wa wanaume wenye cheo katika nyumba. Fedha inabaki kwa nyumba. Si kila nyumba inafanya hivyo leo, na zinazofanya nyingi zimelifupisha, lakini waandishi wa mwanzoni mwa karne ya 20 walilieleza kama jambo la kawaida.

Mnada. Bahia. Mji ambao mamia ya maelfu ya Waafrika waliteremshwa na kunadiwa.

Nilikasirika, sitaficha. Nilijiuliza ni mama gani, ambaye bibi yake alisimamishwa sokoni na kufunguliwa mdomo ahesabiwe meno, angemsimamisha binti yake mbele ya watu na kuita bei. Kwenye unyago wetu kuna matusi, kuna kutishwa, kuna kuchekwa, yote ya kumkomaza mtu. Lakini kuuzwa?

Wazo lililonijia haraka ni kwamba ni kidonda cha Brazil kilichoingia ndani ya ibada. Lilinituliza kwa siku chache.

## Ng’ambo

Halikudumu, kwa sababu mnada huo una ndugu Dahomey.

Katika nyumba za vodun, miungu ya huko, za Dahomey, ufalme uliokuwa kusini mwa Benin ya leo, mwali alikaa ndani akawa vodunsi, mke wa vodun. Alipotoka alihesabiwa kama mgeni, mateka wa vita asiyejua lugha ya watu wala kazi zao, na jamaa zake walipaswa kulipa ndipo wamrudishe nyumbani. Kumnunua mwali, basi, hakukusubiri Brazil. Hata maneno ya mashua niliyoyataja, dofono na wenzake, yana asili huko huko, kwa Wafon.

Na Dahomey haikuwa nchi yoyote tu. Iliiteka bandari ya Ouidah mwaka 1727 na kuuza watu kwa zaidi ya karne. Mateka kwao ilikuwa bidhaa, na sura ya mateka ikaingia katika ibada kama sura ya mtu aliyepotea anayerudishwa. Hakuna aliyekuwa salama nayo. Huko São Luís, kaskazini mashariki mwa Brazil, kuna nyumba iitwayo Casa das Minas iliyowaabudu wahenga wa ufalme wa Dahomey wenyewe. Mfaransa Pierre Verger alitoa hoja kwamba mwanzilishi wake ni Agontimé, mke wa mfalme Agonglo, aliyeuzwa utumwani na mfalme aliyefuata, Adandozan. Nyumba hiyo ilitia ndani mashua yake ya mwisho ya daraja kamili mwaka 1914. Baada ya hapo wakubwa walikufa mmoja mmoja bila wa kuwarithi, kwa kuwa waliobaki hawakuwa na daraja la kutosha la kumtia ndani mwingine.

Nasema hivi kwa wale wanaoandika “asili ya Kiafrika” kana kwamba ni kisima cha maji safi ambacho mzungu alikuja kukichafua. Asili yenyewe ilikuwa na wafalme, na wafalme walikuwa na maghala.

Kwa hiyo hasira yangu ikakosa mahali pa kukaa.

## Marcelina

Jina kamili la Casa Branca ni Ilê Axé Iyá Nassô Oká. Iya Naso kilikuwa cheo katika kasri la Oyo, cha mwanamke aliyesimamia ibada ya Shango wa mfalme. Watu wa nyumba walisimulia tangu zamani habari za mwanzilishi wao mwenye cheo hicho aliyerudi Afrika, na za binti yake wa dini, Obatossi, aliyefuatana naye kisha akarejea Bahia. Masimulizi hayo yalielea hewani, hayana tarehe, mpaka watafiti Lisa Earl Castillo na Luis Nicolau Parés walipofukua karatasi za mahakama, za pasipoti na za uhuru wa watumwa.

Watu wakatokea. Iya Naso alikuwa Francisca da Silva, Mwafrika aliyekwisha kupata uhuru wake, akiishi Salvador na mumewe. Januari 1835, mwezi wa Ramadhani ukiishilizia, Waislamu wa Kiafrika waliinuka na silaha mjini humo. Vijana wawili wa Francisca wakakamatwa na kuhukumiwa. Mama akaomba familia iondoke nchini ili watoto wapone, na mwaka 1837 wakapanda meli kwenda Ouidah pamoja na kundi kubwa la watu wao. Marcelina da Silva, ndiye Obatossi, alikuwamo. Mwaka 1839 alirudi Bahia na kuiongoza nyumba hadi kifo chake mwaka 1885, miaka mitatu kabla Brazil haijakomesha utumwa.

Marcelina alikuwa mtumwa wa Francisca.

Alijinunua. Mwaka mmoja kabla ya safari, alimlipa mama yake wa dini fedha taslimu na kuandikiwa karatasi. Na baadaye, akiwa mama wa nyumba mwenye mali mjini Salvador, yeye naye alimiliki watumwa.

Hapa nilikwama kuliko penginepo pote. Nilitamani kuwa na shujaa. Karatasi zikanipa mwanamke wa biashara aliyejua bei ya mtu kwa pande zote: ya kuuzwa, ya kujikomboa, ya kununua. Wanawake wengi wa Salvador wa enzi yake waliijua hivyo hivyo. Walizunguka mitaani na masinia ya matunda na vyakula, wakampelekea bwana kiasi alichokipanga kwa siku, wakaficha kinachobaki, na baada ya miaka wakaenda nacho kwa mwandishi wa serikali.

Nikarudia kuisoma panan nikiwa na hilo kichwani. Matunda yale yaliyotandazwa, niliyoyaona kama mchezo wa watoto, ni biashara ileile iliyolipia karatasi za uhuru. Fimbo iko mkononi mwa mwali. Na katika mnada, mama wa nyumba ndiye anayeamua nani ana ruhusa ya kutaja bei, na anayenunua anabeba wajibu juu ya aliyenunuliwa, wa kumtazama na kumsaidia, kama jamaa. Mimi sioni kwamba ibada hii inalisamehe soko, wala kulidhihaki. Naona wanawake waliolijua kwa undani wakalifungia uani kwao, mahali ambapo wao ndio wenye funguo.

Wapo watakaosema ninawapamba. Huenda. Lakini kati ya tafsiri hii na ile ya kidonda, hii angalau inawahesabu kuwa watu wenye akili.

## Nywele za mtoto

Nisije nikaonekana nimeshapata amani na kila kitu.

Mwaka 2020, mjini Araçatuba, jimbo la São Paulo, msichana wa miaka 12 alitiwa ndani kwa ridhaa ya mama yake. Akanyolewa, kama inavyopaswa. Ndugu wa upande wa mama, walokole, wakapeleka mashtaka kwamba anateswa. Mtoto alisema hakuteswa, na uchunguzi wa daktari haukuonyesha jeraha la unyanyasaji. Hata hivyo mahakama ilimwondoa kwa mama yake ikamkabidhi kwa bibi, na ilichukua wiki kadhaa kabla hajarudishwa.

Ukiujua mkono wa dola ya Brazil juu ya dini hizi huwezi kushangaa. Sheria ya jinai ya 1890 iliziwinda kwa jina la uchawi. Katika Bahia, hadi mwaka 1976, nyumba ya Kandomble ilitakiwa kuomba kibali cha polisi ndipo ipige ngoma yake. Watoto wa Kikatoliki hubatizwa kabla hawajaweza kusema, na hakuna jaji anayeuliza ridhaa yao.

Nayajua hayo. Bado, nikiwa mtu niliyeshuhudia wasichana wakitolewa shule kwa ajili ya unyago na wengine wakiozwa mara tu walipotoka, siwezi kulisikia neno “ridhaa” la mtu wa miaka 12 na kulipita. Mama mkubwa nilipomsimulia kesi hiyo alinyamaza kwanza. Kisha akasema mwali hatiwi ndani na mama yake peke yake, hutiwa na watu, na watu wakigombana juu yake ni bora angoje. Sijui kama jaji wa São Paulo angeielewa hukumu hiyo. Mimi naiona ina busara kuliko yake, na bado hainitoshi.

Kandomble ina faida moja katika jambo hili: orisha hana kalenda ya mwili. Anayengoja hajachelewa. Yule bibi wa kwenye video huenda alidaiwa akiwa kijana akalipuuzia dai, akazaa, akalea, akafanya kazi za watu, na akaingia chumbani siku aliyoweza kuingia kwa miguu yake.

## Aliyetaja bei

Nimepata anwani ya jumuiya moja ya wanawake wa Kandomble inayopokea barua, na Kireno changu cha kuungaunga kinaweza kunivusha aya mbili tatu. Siwaulizi juu ya damu, wala majani, wala ya chumbani. Nitaomba egbomi mmoja tu, aliyepitia mnada katika panan yake, anieleze nani alimnunua, bei ilipandishwa na nani, na mnunuzi huyo amekuwa nani kwake tangu siku ile.